Jinsi ya kuifanya plastiki iteleze bila kuijaza grisi, mwongozo kamili kwa mafundi na watu wa nyumbani

Dada mmoja mwenye duka la dawa huku Tabata, Dar es Salaam, alinipigia simu, "fundi njoo uangalie hizi droo, nikivuta moja kabati zima linanifuata". Nikaenda. Kabati lenyewe ni lile la plastiki lenye droo nyingi ndogo ndogo za kuwekea vidonge, droo zinapita juu ya reli za plastiki humo humo ndani. Alikuwa ameshahangaika nazo sana, alianza na mafuta ya kula, ikaja grisi aliyopewa na kijana wa bodaboda, mwisho akapuliza ile sprei ya kung'arisha dashibodi, na kila alichopaka kilimpa siku tatu nne za raha halafu droo zinakuwa nzito kuliko mwanzo. Nilipochomoa moja nikakuta kwenye reli kuna uji mweusi, grisi imekunywa vumbi la barabarani, ukiusugua kwenye vidole unasikia mchanga kabisa, yaani kila akifungua droo alikuwa anazipiga msasa reli zake mwenyewe.

Hii kitu naiona kila sehemu hapa mjini. Madirisha ya kuslaidi, trei za printa kwenye stationery, reli za mapazia, milango ya makabati ya vioo. Kitu kikikwaruza akili ya kwanza ya mtu ni oili. Sasa oili kwenye gia za chuma zilizofungwa ndani ya boksi iko sawa kabisa, lakini kwenye plastiki iliyo wazi, kwenye mji wenye vumbi la namna hii, chochote kibichi ni mtego wa vumbi. Tunachotaka ni tabaka jembamba, kavu, la polima inayoteleza (polima ni kitu cha jamii ya plastiki, chenye molekuli ndefu kama mnyororo), lililoshikana na plastiki yenyewe. Na niseme mapema kabisa, kazi kubwa haiko kwenye kupaka, kazi iko kwenye kuijua plastiki yako na kuisafisha, kupaka ni dakika tano tu.

Kwa nini inakwama

Uso wa plastiki hata uwe laini vipi, ukiutazama kwa karibu ni vilima na mabonde, na vitu viwili vikikutana vinagusana kwenye vilele tu. Pale kwenye vilele kuna mambo mawili, vilele vinanatana, na kilele kigumu kinalima kwenye kilaini. Msuguano ndio huo, kunata na kulima. Mpako wa polima kama teflon, ile ya kwenye vikaango visivyoshika chakula, unapunguza kunata kwa sababu teflon haipendi kushikana na kitu chochote, na kwa kuwa mpako ni mwembamba na chini yake kuna plastiki ngumu, kulima nako kunapungua. Ganda la ndizi kwenye sakafu ya saruji linakuangusha, kwenye mchanga wa Coco Beach halikufanyi kitu, utelezi unataka kitu laini juu na kigumu chini. Kwa hiyo mpako mnene sio mzuri zaidi, ni mbaya zaidi, na hili watu hawaamini mpaka waharibu.

Kuna kosa la kinyume pia, mtu anapiga polishi plastiki mpaka inang'aa kama kioo akidhani ndio itateleza. Nyuso mbili zilizong'aa sana zinagusana eneo kubwa zaidi na kunata kunaongezeka, ndio maana vifuniko viwili vipya vya plastiki vinaweza kung'ang'aniana.

Halafu ile sauti ya kulia, dirisha linapiga kelele kama panya, au droo inakwama halafu inachomoka ghafla. Hiyo inatokea kwa sababu nguvu ya kuanza kukisogeza kitu ni kubwa kuliko nguvu ya kuendelea kukisogeza, basi kinakwama, kinaachia, kinakwama, kinaachia, mara nyingi kwa sekunde. Teflon ina sifa nzuri sana hapa, nguvu zake hizo mbili zinakaribiana mno, ndio maana inanyamazisha kelele hata pale ambapo uzito wa kuvuta haujapungua sana.

Hatua ya kwanza, jua ni plastiki gani

Usiruke hapa. Kwanza tafuta alama, geuza kitu uangalie kwa chini au kwa ndani. Pembetatu yenye namba: 2 na 4 ni polithini, 3 ni PVC, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 7 ni nyinginezo zote. Vipuri vya magari na vya mashine mara nyingi vina herufi badala ya namba, ABS, PA ambayo ni nailoni, POM ambayo ni asetali, PC ambayo ni polikaboneti.

Kama hakuna alama tumia ndoo ya maji. Kata kipande kidogo sehemu isiyoonekana, kiloweshe vizuri kisibaki na mapovu ya hewa, kisha kizamishe. Kikielea ni polithini au polipropilini, hizo ndio nyepesi kuliko maji. Kikizama, weka chumvi kwenye maji, koroga, ongeza mpaka chumvi igome kuyeyuka, kisha jaribu tena. ABS, polistirini na nailoni zitapanda juu kwenye maji ya chumvi nyingi, PVC na asetali zitabaki chini. Chumvi ya mawe ya shilingi mia chache inakupa jibu ambalo mtu anaweza kuharibu kabati zima kwa kulikosa. Ile njia ya kuchoma kipande unuse moshi mimi naikataza, PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi inayounguza mapafu.

Kwa nini tunajisumbua hivyo? Sababu ya kwanza, polithini na polipropilini hazishikwi na rangi wala gundi, uso wao una nishati ndogo, kila kitu kinaviringika juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Utapuliza sprei nzuri ya bei mbaya na kesho yake inabanduka kama ngozi ya nyoka. Sababu ya pili, ABS, polistirini na polikaboneti zinaliwa na viyeyusho, yaani vimiminika kama thina na asetoni.

Hapo kwenye viyeyusho niseme yaliyonikuta. Kuna mteja alikuwa na kabati la kuonyeshea simu, milango ya kuslaidi ya polikaboneti, ile plastiki angavu kama kioo. Nilifuta kingo zote kwa thina ili nipake. Siku hiyo ilionekana safi kabisa, nikafunga nikaondoka. Kesho yake kila palipokuwa na skrubu pameota nyufa nyembamba kama nywele. Polikaboneti iliyobanwa ikiguswa na thina au asetoni inapasuka taratibu, ufa hauji hapo hapo, unakuja baadaye wakati umeshalipwa. Nililipa milango miwili. Tangu siku hiyo kila kimiminika nakijaribu kwanza kwenye sehemu iliyojificha, pamba yenye kimiminika, dakika moja, halafu nasubiri mpaka kesho, na kwa polikaboneti thina haigusi kabisa.

Hatua ya pili, pima kabla hujapaka chochote

Bila kipimo utabaki kubishana na mteja kama imeteleza au haijateleza. Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Chukua ubao ulionyooka, bandika juu yake kipande cha plastiki ya aina ile ile ya reli, weka juu yake kipande cha ile inayopita, halafu nyanyua upande mmoja wa ubao polepole. Pale kipande kinapoanza kuteleza chenyewe, simamisha. Pima kimo kutoka sakafuni mpaka ncha iliyonyanyuliwa, pima na umbali wa sakafuni kutoka chini ya ncha hiyo mpaka pale ubao ulipogusa sakafu, gawanya kimo kwa umbali. Jibu ndio namba ya msuguano. Kimo sentimita 45, umbali sentimita 100, namba ni 0.45. Rudia mara tano uchukue wastani maana kila jaribio linatofautiana kidogo. Ukitaka namba ya kuendelea kuteleza, nyanyua kidogo kidogo huku unagonga ubao kwa kidole, uone ni mwinuko gani ambao kipande kikishaanza hakisimami.

Namba hii ina maana gani mkononi? Droo yenye uzito wa kilo 2 kwenye namba ya 0.45 inakutaka uvute kwa nguvu ya kunyanyua kama gramu 900. Ukiishusha mpaka 0.18 unavuta gramu 360. Tofauti hiyo mtu anayefungua droo mara mia mbili kwa siku anaisikia begani.

Ili ujue unakoelekea, teflon ikiteleza kwenye chuma iko kama 0.05 mpaka 0.1. Polithini nzito ile ya UHMWPE, ambayo molekuli zake ni ndefu mno, iko kama 0.1 mpaka 0.2. Nailoni kavu kwenye chuma ni 0.2 mpaka 0.4, ABS na polikaboneti zinacheza 0.3 mpaka 0.5. Kumbuka pia ndugu kwa ndugu hawatelezani, nailoni juu ya nailoni ni mbaya, ila nailoni juu ya asetali wanaelewana vizuri sana. Mara nyingine dawa ni kubadili upande mmoja tu na kazi imeisha bila kupaka kitu.

Na usisahau kuangalia kama tatizo ni msuguano kweli. Nailoni inakunywa unyevu wa hewani na kuvimba. Bushi ya nailoni iliyochongwa kwa vipimo vya kubana ikakaa vizuri Januari, ikifika masika inabana. Hapo unapanua tundu, mpako utazidisha kubana kwa sababu nao una unene wake. Mpako wa maikroni 20 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) kila upande wa tundu unakula maikroni 40 za nafasi.

Hatua ya tatu, chagua mpako

Cha kwanza ninachokifikiria siku hizi ni tepu, wala sio sprei. Kuna tepu ya teflon na kuna tepu ya UHMWPE, zote zina gundi upande mmoja, unakata utepe unabandika kwenye reli basi. Ile ya teflon upande wa nyuma umechomwa kwa kemikali ya sodiamu kiwandani ili gundi ipate pa kushika. Msichanganye na ile tepu nyeupe ya fundi bomba ya kufunga kwenye nyuzi za koki, ile haina gundi na haifai hapa. Kwenye reli iliyonyooka na yenye nafasi ya kutosha, tepu ya UHMWPE inashinda kila kitu.

Nieleze kwa nini nasema UHMWPE wakati teflon ndio inateleza zaidi. Kuteleza na kudumu ni vitu viwili tofauti. Kule Uingereza daktari wa mifupa John Charnley alipokuwa anatengeneza nyonga za bandia miaka ya 1950 alitumia vikombe vya teflon akiamini utelezi wake, vikalika haraka sana ndani ya miili ya wagonjwa, mpaka 1962 akahamia polithini nzito, na ukoo huo wa polithini mpaka leo ndio uko kwenye nyonga za bandia. Teflon peke yake ni laini, inaliwa. Kwa hiyo mahali penye mzigo mzito na mchanga, weka kinachovumilia. Mahali pepesi, kelele nyingi, nafasi ndogo, hapo teflon.

Cha pili ni sprei kavu ya teflon. Ndani ya kopo kuna unga laini wa teflon, kuna utomvu wa kuushikilia, na kuna kiyeyusho kinachoruka. Soma kopo: tafuta iliyoandikwa kuwa ni kavu na kuwa ni salama kwa plastiki. Kuna makopo mengi Kariakoo yameandikwa teflon kubwa kwa mbele lakini ndani ni oili yenye unga kidogo. Dawa yake ni kupuliza kwenye kipande cha kioo na kusubiri nusu saa, ikibaki inateleza kama mafuta hiyo ni oili, ikibaki ukungu mweupe mkavu ndio yenyewe. Na usiwaze kuipaka plastiki teflon ile ya kikaango, teflon ya kikaango inaokwa juu ya nyuzi joto 327 za Selsiasi ambapo teflon yenyewe inayeyuka, wakati ABS inalainika karibu na nyuzi 100 na polipropilini inayeyuka kama kwenye 165.

Cha tatu ni silikoni ya kupuliza. Bei rahisi, haili plastiki nyingi, inafaa kwa mpira wa pembeni ya mlango wa gari. Ila ni kimiminika, inatambaa, na ikigusa kitu kitakachopakwa rangi baadaye rangi inatoboka vishimo vishimo kama macho ya samaki. Mafundi rangi wanaijua hii, kama karakana yako iko jirani na mpiga rangi usipulize silikoni upepo ukiwa unaelekea kwake.

Na kuna mshumaa, ule ule wa umeme ukikatika. Sugua kwenye reli ya droo, futa ziada kwa kitambaa, kwisha. Nta ya mshumaa ni kavu, haili plastiki, inadumu miezi kwenye kitu chepesi. Haifai ndani ya gari linaloshinda juani maana nta inalainika na dashibodi inafika joto hilo bila shida.

Kwa droo za dada wa duka la dawa nilichagua tepu ya UHMWPE chini kwenye reli, na sprei kavu ya teflon kwenye mbavu za droo ambako nafasi ya tepu haikuwepo. Plastiki ilikuwa ya kundi la ABS, ilizama kwenye maji ya bomba ikaelea kwenye ya chumvi.

Hatua ya nne, safisha mpaka maji yakubali

Hapa ndipo mpako unapokufa au kupona. Anza na kukwangua ule uji kwa mti, kijiti cha mishkaki kinafaa, usitumie bisibisi itachimba mifereji. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi ya meno iliyochoka, sugua kila kona, suuza kwa maji mengi. Rudia. Kama kabla yako kulikuwa na silikoni rudia mara tatu, silikoni ina roho ngumu. Hata plastiki mpya kabisa ya dukani ioshe, inatoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye moldi.

Baada ya kukauka, futa kwa alkoholi ya isopropili, na kwa kitambaa cheupe cha pamba kisichotoa nyuzi. Pamba moja kwa ufutaji mmoja, usirudi na pamba chafu unasambaza uchafu. Vaa glavu, alama ya kidole ni mafuta.

Halafu mwagia maji kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja umefanikiwa. Yakikusanyika matone matone, aidha bado kuna mafuta au plastiki yako ni ile isiyopenda kushikwa. Kausha vizuri kabla ya kuendelea.

Hatua ya tano, ipe pa kushika

Kwa ABS, PVC, polikaboneti na nailoni, msasa laini unatosha, namba 400 mpaka 600, wa maji, mkono mwepesi, lengo ni kuua mng'ao sio kuchimba. Sugua kuelekea njia ile ile ambayo kitu kinateleza, mistari ya kukatiza inageuka matuta. Futa tena vumbi kwa alkoholi.

Kwa polipropilini na polithini msasa peke yake haukupi kitu. Una njia mbili. Moja ni praima ya plastiki, yaani mpako wa kwanza wa kushikisha, ile wanayotumia wapiga rangi wa bampa, maduka ya rangi za magari Gerezani na Ilala wanayo, unapuliza mkono mmoja mwembamba sana na kufuata muda wa kopo. Nyingine ni moto. Tochi ya gesi yenye moto wa bluu, unapitisha ncha ya nje ya moto juu ya plastiki haraka haraka, kama unavyopitisha pasi juu ya kitambaa cha hariri, usisimame mahali hata kidogo. Hutaki ilainike, hutaki ibadilike rangi, moto unabandika oksijeni kwenye uso tu. Fanya jaribio la maji, kama mwanzo yalikuwa matone na sasa yanatandaa, umefanikiwa, paka siku hiyo hiyo maana athari hiyo inafifia. Jifunzie kwenye ndoo iliyovunjika kwanza, na kabla ya kuwasha moto alkoholi yote iwe imekauka na kopo liko mbali, sio mezani.

Hatua ya sita, kupaka

Kwanza hali ya hewa, na hapa fundi wa Dar ana mtihani ambao maelezo ya kwenye kopo hayauongelei vizuri. Kiyeyusho kikiruka kinapoza uso, hewa yetu imejaa unyevu, basi umande unatua juu ya mpako mbichi na unabaki mweupe kama maziwa, mlaini, unabanduka. Asubuhi sana usipulize, mvua ikiwa inakuja usipulize, kitu kilichotoka kwenye chumba cha AC kiache nje nusu saa kwanza. Mimi napuliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa mchana, kivulini, pasipo na upepo wa vumbi, nikimwagia maji sakafuni kwanza ili vumbi lilale.

Ziba kwa tepu ya karatasi sehemu zote zisizotakiwa kupakwa, hasa pale mtu anaposhika au kukanyaga. Tikisa kopo dakika nzima na zaidi, unga wa teflon unalala chini. Umbali sentimita 20 mpaka 25. Anza kupuliza nje ya kitu, pita mpaka nje ya upande wa pili, usianzie katikati. Mkono wa kwanza uwe mwepesi mpaka uone kama hujapaka kitu, subiri dakika kumi au kumi na tano, mkono wa pili, na mara nyingi hapo panatosha. Unene mzuri ni maikroni 10 mpaka 25, nywele ya mtu ni kama mara tatu ya hapo. Ukiona imeanza kutiririka umeshazidisha, futa yote uanze upya, usijaribu kurekebisha ikiwa mbichi.

Kwa tepu, bandika kutoka mwisho mmoja huku unakandamiza kwa kadi ya plastiki au kitu chochote kilichonyooka, usiivute ikanyooka maana itarudi na kukunjamana. Ncha za mwisho zikunjie chini ya ukingo, au zikate mshazari ili kinachopita kisizing'oe. Gundi inaongeza nguvu kadiri muda unavyokwenda, iache usiku mmoja.

Hatua ya saba, acha ikomae halafu iendeshe taratibu

Sprei ikikauka kwa kugusa haijakomaa. Ipe saa 24, kipindi cha masika mimi naipa siku mbili. Mteja atakusumbua, mwambie ukweli.

Ikikomaa, rudisha kitu na ukisogeze mbele nyuma mara hamsini hivi, polepole, bila mzigo. Teflon inateleza vizuri zaidi ikishaacha utando mwembamba kwenye uso wa upande wa pili, halafu teflon inateleza juu ya teflon. Kwa hiyo unga mweupe kidogo ukionekana mwanzoni ni kawaida, futa uliomwagika pembeni lakini usisugue njia yenyewe, utakuwa unaondoa ule ule utando unaoutaka. Upande wa pili ukiwa ni chuma chenye kutu au kilichokwaruzika, kisawazishe kwanza, chuma kibaya kinakula mpako wowote.

Baada ya hapo rudia kipimo cha ubao. Droo za yule dada zilianza 0.45, baada ya tepu na sprei zikasoma 0.18.

Kwenye kasi kubwa angalia joto. Plastiki haipitishi joto, chuma kinapitisha zaidi ya mara mia kuliko plastiki ya kawaida, kwa hiyo joto la msuguano linabaki pale pale kwenye uso, plastiki inalainika, inanata, joto linaongezeka. Mpako unasaidia lakini gia inayozunguka kwa kasi na mzigo mkubwa inataka gia ya asetali au hewa ya kuipoza.

Kuhusu chakula

Niliulizwa na jamaa mwenye duka la nafaka Tandale, ana mkondo wa plastiki wa kumwagia mchele kwenye mifuko na mchele unaganda njiani, anataka sprei. Nilimkatalia. Kopo la karakana sio la chakula, na mchele unaopita kila siku ungelikwangua na kulipeleka kwenye sufuria za watu. Alichohitaji ni shiti ya UHMWPE iliyoidhinishwa kwa chakula, inafungwa kwa skrubu ndani ya mkondo, na mwinuko kuongezwa. Mwinuko unaupata kwa ubao ule ule, badala ya kipande cha plastiki unaweka mchele wenyewe. Kama ni unga sembe kuna jambo la ziada, plastiki inabeba umeme tuli na unga unaning'inia kwenye kuta hata kama pako laini, na teflon ni bingwa wa kubeba umeme huo, inaweza kuongeza tatizo. Hapo chuma cha pua kilichounganishwa na ardhi ni bora.

Vifaa vya hospitali ni ulimwengu mwingine. Mpira wa mkojo wa kisasa unapakwa polima inayopenda maji, ukiwa mkavu haufanyi kitu, ukiloweshwa unateleza kama bamia, kwa sababu polima inakunywa maji na kuyashikilia. Hiyo haifanyiki karakana.

Usalama wako

Puliza nje au milango ikiwa wazi, na barakoa yenye chujio la mvuke, ile ya kitambaa haizuii kiyeyusho. Makopo yasikae kwenye gari juani, mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Usivute sigara ukiwa na unga wa teflon mikononi, hili nalisema kwa uzito wote, unga ukiingia kwenye sigara unaungua na moshi wake unaleta homa na kubanwa kifua saa chache baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo usichome mabaki ya tepu wala plastiki iliyopakwa, na usitie joto la zaidi ya nyuzi 260. Ukinunua, chagua bidhaa iliyoandikwa haina PFOA, kemikali iliyokuwa inatumika kutengenezea teflon na ambayo mwaka 2019 iliwekwa kwenye orodha ya kufutwa ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali za sumu zisizooza.

Kuitunza

Kitambaa kikavu mara moja kwa mwezi, basi. Maji na sabuni kidogo pakichafuka sana, halafu pakauke. Mwambie kila mtu nyumbani au ofisini asiongeze oili juu yake, kijana wa usafi mwenye nia njema akipaka grisi mara moja tu inabidi urudi hatua ya nne. Tepu ikichakaa inaonekana, katikati ya njia panakuwa pembamba na rangi ya chini inaanza kutokea, unaibandua kwa kuipasha na draya ya nywele na kubandika nyingine. Sprei huioni, kwa hiyo andika namba yako ya ubao kwenye karatasi uibandike nyuma ya kabati, na utunze vile vipande viwili vya majaribio. Kwa duka linalofungua droo kutwa nzima mimi napita kila baada ya miezi sita, navuta kila droo kwa mzani wa ndoana wa kupimia samaki nikiwa nimeitoa vitu vyote, na ile inayosoma mara mbili ya siku niliyopaka ndio naichomoa na kuipuliza upya.